Damu ya Mbuzi wa Kiangazi

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili Morogoro, watoto wa milimani waliniita mumiani. Wala siwalaumu. Kila baada ya wiki mbili nilipanda bodaboda mpaka barabara inapoishia, nikatembea na kiboksi changu cha barafu, nikachoma sindano shingoni mwa mbuzi wenye mimba, nikaondoka na damu. Nilitaka kujua kama mbuzi aliyepandwa mwanzo wa kiangazi ana sukari na homoni tofauti na aliyepandwa wakati wa mvua.

Bibi mmoja, mjane mwenye mbuzi mmoja tu, alinikatalia. "Mwenye mimba unamtoa damu, mjukuu wangu? Una akili wewe?" Nikambembeleza mpaka akakubali, kwa sharti moja: damu ikionyesha tatizo, nimwambie. Nikasema ndiyo bibi, bila shaka.

Msimamizi wangu naye alikuwa na sharti lake. Mwenye mbuzi asiambiwe majibu mpaka mbuzi azae, kwani akiambiwa atabadilisha malisho, na takwimu zitaharibika. Nikasema ndiyo kwake pia.

Oktoba majani yalikauka hadi mabondeni. Mbuzi wa bibi alikuwa amebakiza wiki tatu, tumbo la mapacha. Jumatatu nikapima damu yake maabara, nikakuta sukari imeshuka vibaya sana. Nilijua maana yake: watoto tumboni wanammaliza mama yao. Ningeweza kupiga simu, anyweshwe maji ya sukari mapema. Nikaandika kipimo, nikafunga daftari. Niliogopa kuambiwa nianze utafiti upya, basi. Ulikuwa woga tu.

Jumamosi nilimkuta mbuzi amelala, anasaga meno, hataki hata majani ya mgomba. Bibi alikuwa amekaa chini, amempakata kichwa.

"Bibi, una sukari?"

Akaleta pakiti. Tukakoroga na maji ya uvuguvugu, tukamnywesha kidogo kidogo kwa chupa. Kabla ya adhuhuri akafa, na mapacha wake tumboni.

Bibi akamfunika kwa kanga. Akaniuliza ile sukari ilikuwa ya nini. Nikamweleza yote, damu ilivyoonyesha.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

Akaiokota ile pakiti, akaikunja mdomo taratibu, sukari isimwagike.

"Hii nilinunua Jumapili," akasema.