Riwaya za Muuza Makaa

Hénoc Mwenya, mdogo wa marehemu mume wangu, alichukua kasha langu la riwaya wakati wa kilio, mchana, mbele ya watu. Nilipolishika upande mmoja nimzuie, alisema kwa sauti iliyofika barabarani: "Mwanamuke hakuingia darasani, bitabu atafanya nabyo nini? Kuwashia makala?" Watu wakacheka. Watu waliokuwa wanakula chakula changu wakacheka.

Ninaandika hilo kwanza ili lisipotee katikati ya mengine. Siku hiyo walibeba pia friji, televisheni na kitanda, kama familia nyingi zinavyofanya mtu akifa, ingawa sheria inasema vingine. Vitu hivyo sikuvigombania. Lakini riwaya zile nilizitafuta mwenyewe, moja moja, na nilizisoma zote.

Jina langu ni Mapalo. Watu huniita Mama Exaucée, kwa jina la binti yangu aliyeolewa Likasi. Ninauza makaa, au makala kama tunavyosema hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Kenya, jirani na karakana za wachomeaji vyuma. Baba yangu alipeleka shuleni watoto wa kiume, mimi akanipeleka shambani. Kusoma nilijifunza nikiwa tayari mama wa watu, na nilijifunza kwa hasira. Mume wangu Aaron alikuwa karani kwenye ghala la saruji, na Jumapili baada ya misa alipenda kunisomea kwa sauti. Kila alipofika mahali patamu alifunga kitabu: amechoka, anataka chai. Siku moja alimwacha binti wa watu juu ya paa la nyumba inayowaka moto, akaenda kutazama mpira. Kesho yake nilijiandikisha katika darasa la akina mama parokiani. Aaron alicheka sana. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza nimwambie mwisho wa kitabu, nami nilikuwa ninakataa.

Vitabu vingi vilitoka kwa Kasereka, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini ambaye malori yake huleta mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia Zambia. Madereva hukwama kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, na dereva aliyekwama husoma chochote. Wakimaliza huviacha vitabu ghalani, na Kasereka alikuwa ananibadilishia kwa makaa ya kupikia. Ndiyo maana Kiswahili changu cha kuandika si kile ninachosema sokoni. Kimekuja kwa lori. Vya Kifaransa nilivitafuta kwa wauza vitabu vikuukuu wa mjini, navyo nilivisoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Watu hudhani aliyejifunza kusoma ukubwani husifu kila kilichochapwa. Mimi sivyo. Mimi ni mnunuzi mgumu.

Riwaya ya polisi ninaipima kama gunia. Muuza makaa mwizi hupanga vipande vizuri juu, chini anajaza vumbi na majani. Wako waandishi wa namna hiyo. Mwanzo mzuri, inspekta mwenye akili, halafu mwishoni muuaji anashuka kutoka treni ambayo hatujawahi kuisikia. Nikifika hapo ninajua nimeuziwa vumbi. Mimi nataka muuaji awe amekaa nasi tangu mwanzo, amekula nasi, amempa mjane pole.

Kuhusu mapenzi niligombana kila wiki na Virginie, anayeuza mihogo mbele ya meza yangu. Yeye alikuwa anaazima vile vitabu vidogo vya Kifaransa vya daktari na muuguzi, anavirudisha vikiwa na machozi.

"Mule hamuna hata mujomba mumoja," nilimwambia. "Banapendana, banabusu, banaolewa. Mahari nani alipokea? Shangazi alisema nini?"

"Mama Exaucée, roho yako imekuwa makala kabisa."

"Makala inawaka, Virginie. Yako iko maji ya mihogo."

Alinirushia ganda. Lakini sikubadili neno langu. Mapenzi ambayo hayagusi familia yoyote ni mapenzi ya watu wawili waliofungiwa chumbani, na mwandishi ndiye aliyeficha ufunguo.

Aaron yeye alipenda riwaya za uchawi. Alitetemeka, akafurahi. Mimi zilinichosha, maana mchawi ndani yake ni yuleyule siku zote: mwanamke mzee, maskini, mjane. Ukurasa wa kwanza anapita na kikapu, nami ninajua tayari kwamba mwishoni watamchoma. Nilimwambia Aaron kwamba siku mwandishi atakapomfanya mchawi awe kijana mwenye suti nzuri, anayesalimia watu kanisani, siku hiyo mimi pia nitatetemeka. Alisema ninaharibu hadithi. Sasa yeye hayupo, mjane ni mimi, na nimekwisha kuona jinsi wake wa ndugu zake wanavyovuta watoto wao nikipita. Sisemi zaidi.

Kilio kilipoisha, habari zilinifikia kuwa vitabu vyangu viko Karavia, katika nyumba mpya ya Hénoc, ndani ya kabati la vioo. Hakuwa amevichukua avisome. Alitaka wageni wavione. Nilimwendea Mzee Mwansa, baba mkubwa wa Aaron na Hénoc, mchimbaji wa zamani aliyestaafu, nikamwambia: "Baba, kitanda na friji bikae kule. Bitabu byangu birudi." Akaitisha kikao cha familia nyumbani kwa Hénoc, Jumapili.

Mimi sikwenda peke yangu. Nilikwenda na Chileshe, ambaye wote humwita Yaya, yaani dada mkubwa. Ukoo wa Chileshe na ukoo wa Aaron ni watani. Sisi tunasema banungwe. Mtani wa namna hiyo anaweza kumtukana maiti kaburini, anaweza kulala mlangoni hadi umpe kitu, na ukimkasirikia, aibu ni yako. Chileshe ana mwili mkubwa na haogopi mtu. Aliingia na viatu vyenye vumbi, akapita juu ya zulia jeupe, akaketi chini akiegemeza mgongo kwenye kabati.

"Yaya Chileshe, tosha biatu!" Hénoc alipiga kelele. "Hii tapis ni mupya!"

"Tapis utafua. Miye hapa nimefika kwa bwana yangu mupya, huyu kabati. Mahari yake ni kiasi gani?"

Hata Mzee Mwansa alicheka. Hénoc alirekebisha kola ya shati lake, akamgeukia mzee. Alisema vitabu ni vya kaka yake, kila mtu anajua Aaron alikuwa msomaji, na shemeji yake anasumbua familia bure. "Aonyeshe prevu," alisema. "Kama ni byake, aonyeshe prevu."

Ushahidi sikuwa nao. Nani anaweka hati ya riwaya iliyobadilishwa kwa makaa? Lakini Chileshe alikuwa amekwisha kufungua kabati na kuvuta kitabu, ile ya polisi niipendayo, ambayo muuaji ni daktari aliyemtibu marehemu tangu mwanzo. Alilamba kidole, akafungua, akakunja uso.

"Ee! Hii kitabu ilianguka mu gunia?"

Kwenye pembe ya chini ya kila ukurasa palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba. Nilikuwa ninasoma sokoni, kati ya mteja na mteja. Mwenyewe sikuwahi kuziona alama zile kuwa kitu.

Chileshe alikiinua kitabu juu watu wote waone. "Kwenye kilio nilimucheka Aaron juu ya mikono yake. Nilisema karani huyu anazikwa na mikono safi ya padri. Mulisikia ao hamukusikia?"

"Tulisikia," walisema.

"Sasa hii kidole ni ya nani? Hénoc, ni yako?"

Nilisimama, nikaweka gumba langu juu ya alama. Katika riwaya mbaya mtu angetoa hotuba hapo.

Mzee Mwansa alivaa miwani. Aliamuru vitabu vyote vitolewe, akavipitia kimoja kimoja, na sisi tukakaa tukimngoja. Lakini mzee ni mtu wa kudadisi. Kila alipokuta alama za makaa, aliuliza: "Na hii inasema nini?" Nikawa ninajibu.

Alishika ya vita. Nilimwambia hiyo ni nzuri nusu. Wanaume ndani yake wanazungumza mno kabla ya kufa. Mtu aliyepigwa risasi tumboni hawezi kueleza taifa kwa kurasa nne. Lakini kuna mama anakimbia na sufuria, amesahau kifuniko, na njia nzima analilia kifuniko, halilii nyumba. Nilimsomea Kasereka sehemu hiyo, akasema: "Mama yangu alikimbia na jiwe la kusagia. Jiwe! Kama vile mbele hakuna mawe." Mwandishi aliyejua habari ya kile kifuniko, nilisema, ninamsamehe hotuba zake zote.

"Na hii ya gari inaruka?" Mzee aliuliza.

"Hiyo ni ya miaka itakayokuja, Baba. Bantu beko banakaa mu mji wa vioo, magari yanaruka, mashine zinapika. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta mahali wanaposema ile shaba na kobalti zinatoka wapi. Hawasemi. Hakuna anayechimba."

Mzee Mwansa alivua miwani. Mikono yake ilifanya kazi mgodini maisha yote. "Hakuna anayechimba!" alirudia, akacheka mpaka akakohoa. "Huyo muandishi alete hiyo dunia hapa, tuione." Kisha akaweka kitabu upande wangu.

Rundo langu lilikua. Ninakiri nilikuwa nimeketi wima kama mke wa gavana. Wake wa ndugu zake Aaron, walewale, walikuwa wamesogeza viti. Mmoja aliuliza kama ile ya mapenzi wanaoana mwishoni. Nilimwambia akitaka kujua, sokoni anajua nilipo.

Ndipo mzee akafika kwenye kitabu cha mwisho.

Kitabu hicho hakina jalada lake. Dereva aliyekiacha alikuwa amekichana mbele, kwa hiyo hakina jina la hadithi wala la mwandishi, na hakuna anayeweza kuniambia nikinunue wapi. Aaron alikishonea jalada la karatasi nyeupe ya kalenda. Ni hadithi ya mke wa mfanyakazi wa reli katika mji mdogo. Anakarabati ukuta, anagombana na jirani juu ya bomba la maji, analea mtoto wa mke mwenzake, anazeeka. Aaron alisema hakuna kinachotokea. Mimi ninasema kila kitu kinatokea. Kuna ukurasa ambapo mwanamke huyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anapakua na kula kabla ya watu wote, peke yake, sufuria ikiwa bado imejaa. Basi, ni hivyo tu. Nilipousoma nilikiweka kitabu chini nikatazama barabara, na mteja aliponiita sikumsikia. Mwandishi hakumhurumia yule mwanamke, na hakumcheka. Alimwona. Polisi, mapenzi, uchawi, vita, magari ya kuruka, vyote ninavipenda kwa kiasi chake, lakini hicho ndicho kilichonifanya niamini kwamba maisha kama yangu yanaweza kuandikwa bila kuongezwa chumvi.

Mzee alikipitia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa safi.

"Hiki hakina alama," alisema.

"Ni changu, Baba. Hicho nilikuwa ninanawa mikono kwanza. Ninanawa kwa sabuni, ninapangusa, ndipo ninakifungua."

Hénoc aliruka kutoka kitini. "Sikieni! Kitabu kichafu ni chake, kitabu safi pia ni chake! Na jalada kaka yangu njo alishona, mikono yake naijua!"

Watu wakacheka. Ilikuwa inachekesha, siwezi kukataa. Hata Chileshe alicheka, akaziba mdomo akiwa amechelewa. Mzee Mwansa alikishika kitabu, akanitazama, nikaona anataka kunipa. Lakini alikuwa amekwisha kuhukumu kwa makaa, na mzee hawezi kugeuza hukumu yake kabla hajainuka kitini. "Chenye makala ni cha mama," alisema. "Hiki kinabaki kwa familia."

Nilirudi mtaani Kenya na kasha langu nyuma ya pikipiki, Chileshe kwenye pikipiki nyingine akiimba njia nzima. Yeye kwa kicheko chake amekwisha kunilipa: alibeba magunia yangu siku ya mvua kubwa, na watani ndivyo wanavyoombana radhi. Mzee Mwansa simdai. Alinisikiliza kuliko mwanamume yeyote wa ukoo ule. Wale wake wa ndugu sasa huja kuazima, na mmoja amenirudishia ya polisi akisema alimjua muuaji mapema. Nikamwuliza alimjua kwa dalili gani. Akaeleza vizuri. Nimempa nyingine.

Anayebaki ni Hénoc Mwenya, wa Karavia. Anadaiwa kitabu kimoja chenye jalada la karatasi nyeupe ya kalenda, kilicho safi kwa sababu niliosha mikono yangu. Anadaiwa pia kusimama mbele ya watu walewale waliocheka kwenye kilio, na kuwaambia kwa sauti ileile iliyofika barabarani kwamba mke wa kaka yake anasoma. Kitabu anaweza kumpa Mzee Mwansa aniletee. Hilo la pili atalileta mwenyewe.