Mama wa Jumapili

Kuna Jumapili moja ya Bunia ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka akili yangu inavurugika upya. Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire, na mimi Kahindo nilikuwa msichana wa miguu myembamba na maneno mengi, nasoma katika chuo kidogo cha walimu pale mjini. Nakusimulia leo kwa sababu umeshafunga sanduku lako na kesho unaanza maisha ya bwenini. Wenzako watakwambia ununue kufuli zuri. Nunua, sikukatazi. Ila kaa kwanza unisikilize, na hiyo simu iweke chini kidogo.

Chuo chetu kilikuwa na mabweni mawili, la wavulana upande wa barabarani na la wasichana nyuma, karibu na jikoni. Tulikuwa wachache, tukijuana mpaka kikohozi cha kila mmoja. Mimi nilitoka Butembo, kwa wazazi wafanyabiashara ambao hawakupata nafasi ya kuja kuniona. Wengi walikuwa watoto wa Djugu na Bogoro. Kwao hakukuwa mbali, na kila Jumapili baada ya misa wazazi wao walifika na vikapu vya viazi vitamu, ndizi na samaki wa ziwani. Akina baba walibaki uani, maana kuingia bweni la wasichana hawakuruhusiwa. Akina mama waliingia moja kwa moja, wakakagua vitanda, wakalalamika kwamba tunafagia vibaya, wakatuachia chakula.

Jirani yangu wa kitanda aliitwa Afoyo, mtoto wa mkulima wa Mahagi, msichana mpole anayeongea kwa sauti ya chini. Mahagi ni mbali, na barabara ya wakati ule ilikuwa matope matupu, hivyo hakuna aliyekuja kumwona hata mara moja. Wageni walipojaa uani, Afoyo alibeba vitabu vyake akaenda kukaa peke yake katika chumba cha kusomea. Alisema anakwenda kusoma. Nadhani alikwenda tu ili asituone tukicheka na mama za watu.

Mimi sikuwa na mgeni pia, lakini mimi nilikuwa na mdomo. Nilijipachika kwa mama wa yeyote. Na kati ya wale akina mama kulikuwa na mmoja tuliyempenda sana, mnene wa wastani, kitambaa kichwani, mkono mwepesi. Alikuja na kikapu kilichofunikwa vizuri, akatugawia viazi vya kuchemsha, kisha akakaa barazani na kuniambia nikae miguuni pake anisuke. Akisuka alituonya juu ya wavulana, akatuuliza kama tunasali, akatutania mpaka tukaishiwa nguvu za kucheka. Sote tulimwita Mama. Ungemwitaje tena mtu mzima kama yule?

Sasa, katika msimu huohuo vitu vikaanza kupotea bwenini. Blanketi la huyu, pasi ya mkaa ya yule, saa ya mkono, viatu vya misa. Mwanzoni tulidhani ni uzembe wetu. Baadaye hofu ikaingia. Tukaanza kulala na vitu vyetu kama kuku na vifaranga, tukitazamana kwa pembe ya jicho. Mkurugenzi wa chuo akatia vipande vya chupa juu ya ukuta. Wavulana wakaunda kikosi cha ulinzi, wakakiita brigade, wakawa wanazunguka usiku na fimbo na filimbi. Kazi yao kubwa niliyoisikia ni kumkamata mbuzi wa mkurugenzi mwenyewe. Na vitu vikaendelea kupotea.

Ndipo mtu akagundua kwamba vitu vinapotea Jumapili, mchana, wakati wa wageni. Unaona jinsi akili za watu wanaoogopa zinavyokwenda? Hakuna aliyesema basi tuwatazame wageni. Wageni ni wazazi wetu, nani angethubutu? Swali likawa: ni nani kati yetu ambaye hakai uani Jumapili? Na jibu lilikuwa moja. Tena sanduku la Afoyo halijawahi kuguswa, wakasema, kana kwamba katika sanduku lile kulikuwa na kitu cha kuguswa.

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Asubuhi namtazama Afoyo akitandika kitanda chake na kunifungia kifungo cha mgongoni, najiambia huyu hawezi. Jioni nasikia wenzangu wakipanga hoja zao moja baada ya nyingine, najiambia lakini mbona yote yanakubaliana? Yeye mwenyewe aliulizwa mbele ya mkurugenzi, na alijibu neno moja tu, kwamba alikuwa akisoma. Nani alimwona akisoma? Hakuna. Mkurugenzi akaamua kumfukuza. Akatuma ujumbe kupitia dereva wa lori la Mahagi kwamba baba yake Afoyo aje amchukue, na Afoyo akaanza kukunja nguo zake polepole. Masomo yake yangeishia hapo, na angerudi kijijini akiwa na jina la mwizi. Na msichana mwenye jina hilo, wakati ule, nani angempa darasa la kufundisha, au hata posa?

Baba yake alifika Jumapili, uani kumejaa watu. Mzee mrefu, koti limeiva vumbi la njia nzima, kofia mkononi. Alisimama pale langoni, hakuingia. Watu walipita wakitoka na kuingia, yeye amesimama tu. Mwishowe Mama Ngave, msimamizi wa bweni letu, mwanamke mkali aliyetufundisha pia hesabu, akamwendea.

“Papa, karibu. Juu ya nini unasimama inje?”

“Nangojea mutu aniulize,” alisema. “Niko baba ya Afoyo. Natoka Mahagi. Munaniita.”

Mama Ngave aliinamisha macho. Akamwonyesha benchi la barazani apumzike, naye akaenda kumtafuta mkurugenzi. Benchi lile lilikuwa karibu kabisa na mahali nilipokuwa nimekaa chini, kichwa changu mikononi mwa yule mama yetu wa Jumapili. Alikuwa amemaliza upande mmoja na anaanza wa pili. Kikapu chake kilikuwa pembeni yake.

Mzee alimsalimu kwa adabu, kama mzazi anavyomsalimu mzazi mwenziwe.

“Jambo, mama. Siye bazazi tunateseka sana juu ya hawa batoto. Weye, mutoto yako ni nani hapa?”

Swali la kawaida kabisa, mwanangu. Wazee wakikutana shuleni wanaanzia hapo. Lakini mikono kichwani pangu ilisimama kidogo.

“Ni huyu,” akasema yule mama, na akanigusa utosini na kitana.

Nilicheka. Nilidhani ananitania kama kawaida yake. “Hapana, papa,” nikamwambia mzee, “mama yangu iko Butembo. Huyu ni mama ya hawa ba Djugu.”

Wasichana wa Djugu walikuwa pale pale, wanakula viazi vyake. Mmoja akageuka, mdomo umejaa. “Yetu? Kahindo, si yako? Kila siku anakusuka weye!”

Nikawatazama wa Bogoro. Wa Bogoro wakatazamana wao kwa wao. Nilihisi kizunguzungu, kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Huyu mama ametulisha viazi msimu mzima, anajua majina yetu yote na majina ya wavulana tunaowapenda, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua yeye ni nani! Tungemuulizaje? Kumuuliza mama mtu mzima kwamba wewe ni mama wa nani, kwetu sisi wasichana ilikuwa sawa na kumtukana. Kila mmoja alimheshimu kwa ajili ya mwenziwe.

Yule mama hakukimbia. Aliendelea kusuka.

“Niko mama ya bote,” akasema.

“Ni muzuri,” baba Afoyo akajibu, sauti ileile ya upole. “Mama ya bote. Lakini ulizaa nani hapa?”

Hapo ndipo alipoweka kitana chini.

Mama Ngave alikuwa amerudi na mkurugenzi, na alisikia. Aliinua kitambaa cha kikapu. Chini ya majani ya ndizi kulikuwa na kitenge changu, kile mama yangu alichonipa nilipoondoka Butembo, kimekunjwa vizuri. Chini yake kulikuwa na shuka la Mama Ngave mwenyewe. Nilikitazama kile kitenge na sikuelewa kimefikaje pale. Naapa, mwanangu, kwa muda nilitafuta njia ya kumtetea. Nilitaka kusema labda nilimpa nikasahau.

Wavulana wa brigade walikuja mbio na fimbo zao, wamefurahi kupata kazi hatimaye. Unajua Bunia ya wakati ule, neno mwizi likisikika sokoni watu hawaulizi swali la pili. Baba Afoyo akaondoka kwenye benchi, akaenda kukaa chini sakafuni, ubavuni mwa yule mwanamke, koti lake na vumbi lake lote.

“Hakuna mutu atamugusa,” akasema. “Mutanipiga miye kwanza.”

Wakasimama. Mkurugenzi akaanza maneno marefu ya kuomba msamaha, Kifaransa na Kiswahili vikigongana, na mzee akamwachia mpaka akaishiwa. Kisha akatutazama sote, sisi wasichana, wavulana, na wakubwa wetu.

“Munaniita toka Mahagi, nakuja na lori, nalala mu matope, juu mutoto yangu hana mugeni. Kumbe mugeni yenu, hakuna mutu alimuuliza jina. Kwetu mugeni akifika tunamuuliza: uko wa nani, unatoka wapi? Haiko matusi. Tukijua uko wa nani, tunajua namna ya kukuheshimu. Siye tunauliza mugeni na tunaamini mutoto. Hapa munaamini mugeni, munauliza mutoto.”

Hakupaza sauti hata kidogo. Nilitamani angepaza.

Yule mama walimpeleka ofisini, Mama Ngave upande mmoja na mzee upande wa pili ili asiguswe. Alipopita mbele yangu aliniambia nisilale na nywele zile hivyo, zitakatika. Alisema kama mama. Alitupenda au alitudanganya? Nimezaa, nimelea, nimezika, na bado swali hilo sijalimaliza. Nafikiri yote mawili yalikuwemo, lakini siwezi kukuapia.

Baba yake alimuuliza Afoyo kama anataka kurudi nyumbani au kubaki. Nguo zilikuwa zimeshakunjwa. Afoyo akatutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kumtazama. Akasema atabaki, amekuja kusoma. Kisha akaokota kile kitana pale sakafuni, akanivuta nikae, akamalizia upande wangu wa pili. Alinisuka kwa kukaza mpaka machozi yakanitoka. Nilijua anakaza kwa makusudi, nami sikujitoa mikononi mwake mpaka akamaliza.

Tangu siku ile mambo ya lango yalibadilika. Mgeni alisimama langoni, baba au mama, mwanafunzi wake akaitwa aje kumpokea kwa mkono wake na kumtaja kwa jina. Wazazi wengine walinung'unika wiki za mwanzo, kisha wakaona raha, maana mtoto wao alikuja akikimbia. Wale wavulana walirudi kulala usingizi wao, na mbuzi wa mkurugenzi akapata amani.

Basi, mwanangu, kesho ukifika kwenye chuo chako, funga mlango wako, ndiyo, na vitu vyako usivitawanye. Lakini usidhani ulinzi umeishia hapo. Ukimwona mtu asiyejulikana kwenye korido yenu, mkaribie, msalimu, muulize kwa upole amekuja kwa nani, kisha mpeleke mwenyewe mpaka kwa huyo mtu. Mgeni wa kweli atafurahi kusindikizwa. Usiseme labda fulani anamjua, maana fulani naye anasema hivyohivyo juu yako. Na kitu kikipotea, usimtafute mwizi kwa yule asiye na wageni, asiye na marafiki, anayekaa peke yake. Huyo nenda kakae naye. Wakianza kupanga hoja zao juu yake, wewe waulize nani ameona kwa macho yake, na ukiwa umechanganyikiwa kama nilivyokuwa mimi, sema wazi kwamba umechanganyikiwa. Hilo tu laweza kuwachelewesha watu mpaka ukweli ufike langoni.

Nenda sasa. Mungu akutangulie njiani na akulaze salama kwenye kitanda cha ugenini. Akupe jirani wa kitanda atakayekuamini wakati wengine wote wamekushuku, na wewe akupe moyo wa kuwa jirani huyo kwa mwingine.