Ua Jeupe kwenye Karatasi Nyeupe

Usiku ule tulikaa ukumbini, mimi na mwanangu Badriya, tukingoja habari za mumewe, Thuwaini. Lori la karafuu lilipinduka njia ya shamba, naye akapelekwa hospitali. Kila nikisikia viatu kichochoroni nilinyanyua kichwa. Badriya hakunyanyua. Alfajiri ndugu yangu Masoud akabisha hodi, na kabla hajasema neno nikajua.

Badriya akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila manukato, bila ua kichwani. Hakulia. Nikimwambia ale, anakula. Nikimwambia alale, analala. Nilikuwa nikimchungulia chumbani, namwona kakaa mbele ya ukuta wa chokaa na nguo zake nyeupe, sijui yeye anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Mwezi wa pili Bi Kulthum, aliyemsomesha skuli, akaleta karatasi na penseli. Alitaka picha za maua za kufundishia wasichana.

"Zikiwa nzuri, eda ikisha njoo nazo mwenyewe, unisaidie darasani."

"Kuchora nitachora," Badriya akasema. "Kuja, siji."

Tuna mwasumini uani. Jioni maua yake meupe yanachanua, asubuhi yameanguka. Akachuma moja na majani yake, akaliweka kwenye sahani, akalichora karibu na kandili. Mstari mwembamba kuzunguka ua, basi. Jirani yetu Bi Mize akaja kutazama.

"Ua hili limepigwa pasi! Halina mgongo wala tumbo."

Nikamkanyaga mguu. Badriya hakucheka, hakukasirika. Akachora jengine, vile vile.

Mie karatasi siijui. Najua viganja vya maharusi. Nimepaka piko, ile rangi nyeusi, miaka ishirini. Ukitaka ua litokeze, huligusi. Unaliacha ngozi tupu, weusi unautia pembeni yake.

"Ua liache jeupe," nikamwambia. "Tia weusi kwenye majani ya nyuma. Na hapa ndani, ua linapojilalia, kivuli kidogo."

"Weusi wote huo, Mama? Litaharibika."

"Karatasi zipo. Tia."

Alikandamiza mpaka ncha ya penseli ikavunjika. Ua likasimama, utadhani unaweza kulishika kikonyo. Alilitazama sana. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe kisu nichonge."

Tangu kufiwa, hicho ndicho kitu cha kwanza kuniomba.

Siku aliyotoka eda alikoga, akavaa buibui. Nilikaa ukumbini na ungo wa mchele mapajani, nachagua mawe ambayo hayamo. Alisimama nyuma ya mlango wa nje, sijui muda gani. Mara komeo likalia.

Mlango ukafunguka. Ng'ambo ya kichochoro ukuta wa chokaa ulikuwa umepigwa na jua, na mwanangu, na buibui lake jeusi, nikamwona mzima, tokea kisigino mpaka bahasha ya picha aliyoibana kwapani. Hakugeuka. Mlango akauacha wazi, nami sikwenda kuufunga.