Mfungo wa Mama Ndani ya Chai

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba mawe, nikachoma makaa, nikauza misumari kando ya barabara pale Kapsoit, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi lenye milango mitatu, nyumba ya mawe ya ghorofa, na shamba la chai linaloanzia mlangoni kwangu mpaka mtoni. Wateja hunifuata kutoka Kabianga na hata Bomet, na huko kuna maduka. Nimeona mwizi akiniomba risiti ya kitu alichoniibia. Mtu akianza na "hutaamini," mimi humjibu, "Sema tu, nitaamini."

Mama yangu anakaa kwa nyumba yake ndogo nyuma ya yangu. Nilitaka alale juu, chumba chenye dirisha kubwa, akakataa. Alisema hawezi kulala juu ya vichwa vya watu kama kuku. Ana ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi anajidunga sindano mwenyewe bila kukunja uso. Daktari alimwambia asiruke sindano hata siku moja, na mama yangu ni mtu wa kutii. Alimtii baba mpaka tukamzika baba. Anamtii daktari, anamtii mchungaji. Kwangu mimi ndiyo huwa anasikiliza kwanza halafu anafikiria.

Huku kwetu mtu akitaka kuomba peke yake haendi mbali. Anaingia kwenye chai. Chai inayochumwa vizuri iko sawa juu kama meza, inafika kiunoni, na ukipiga magoti katikati ya mistari hakuna anayekuona isipokuwa yule aliyekuumba. Wamama wengi wa kanisa letu wana mahali pao. Ukipita asubuhi mapema unasikia shamba likinong'ona.

Basi juma moja kabla ya Pasaka mchungaji alitangaza mfungo, kila siku asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Akasema wazi kabisa, "Wagonjwa, wajawazito na watoto, nyinyi mle." Niligeuka nikamwangalia mama. Alikuwa anasema amina pamoja na wengine.

Jumatatu asubuhi nilipita kwake kabla ya kwenda dukani.

"Mama, umepiga sindano?"

"Nimepiga."

"Na usifunge. Umesikia mchungaji. Wagonjwa wale chakula."

"Nimesikia."

"Sawa basi."

Nikaondoka. Mimi nikisema kitu kwangu, kimesemwa. Ndivyo nilivyojua.

Ilikaribia saa sita mchana mke wangu akanipigia simu. Nilikuwa napimia mteja mabati.

"Baba, kogo amekuja huko?" Kogo ni nyanya, hivyo ndivyo watoto wanavyomwita, na mke wangu pia.

"Aje kufanya nini huku? Atakuwa kwa chai, anaomba."

"Tangu asubuhi? Nimeingia kwake sasa hivi. Uji niliompelekea uko vile vile, umefunikwa. Hajaugusa."

"Na sindano?"

"Sindano ametumia. Nimeiona."

Hata mimi wa darasa la nne nilielewa. Ile dawa inashusha sukari mwilini, na usipokula inaendelea kushusha mpaka unaanguka. Mama alikuwa amemtii daktari kwa sindano, akamtii Mungu kwa mfungo, na hivyo viwili vikikutana ndani ya mwili mmoja vinaua. Mteja aliniuliza, "Mzee, kwani kuna nini?" Niliacha duka wazi, jambo ambalo sijawahi kufanya hata mke wangu akijifungua.

Nyumbani nilipanda ghorofani mbio nikaenda kwenye lile dirisha kubwa. Pale ndipo huwa nasimama na kikombe nikiangalia mali yangu, na wageni pia huwapeleka pale waone. Siku hiyo nilitazama nikaogopa. Kijani tupu, sawasawa, mpaka mtoni. Hakuna kitambaa, hakuna kichwa. Mtu akianguka katikati ya ile mistari majani yanafungana juu yake, unaweza kupita karibu naye usimwone. Na nyuma ya kilima wingu jeusi la mvua ya mawe lilikuwa limeshaanza kupanda.

Niliteremka nikaingia kwenye chai nikiita, "Mama! Mama!" Ndege waliruka, basi. Mimi ni mtu mzito. Matawi yalinishika suruali, nikaanguka, nikaamka, nikaingia mstari mwingine, nikarudi ule wa kwanza bila kujua. Kila kivuli nilidhani ni yeye. Nilikuwa namtafuta na huku naogopa kumpata. Nikataka kuomba. Kanisani mimi ndiye huombaga mpaka watu wanakohoa ili ninyamaze, lakini pale maneno yote yalikwisha. Nilibaki kusema "Baba, Baba, Baba," kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mke wangu ndiye aliyeenda kuita wachumaji waliokuwa upande wa mtoni. Walikuja na vikapu mgongoni, na mama mmoja wao, mrefu, mwenye aproni ya plastiki, akanishika mkono.

"Mzee, toka humo. Unakimbia kama ng'ombe ameona nyoka."

"Mama yangu yuko humu!"

"Tunajua. Hivyo hutampata. Acha sisi tuingie vile tunachuma."

Wakajipanga pembeni, kila mtu na mstari wake, wakaanza kwenda pamoja polepole, wakifungua majani kwa mikono. Mimi nilisimama nje ya shamba langu mwenyewe, radi ikianza kunguruma. Nilikuwa nahesabu vichwa vyao nikiogopa kimoja kisimame.

Kikasimama.

"Huyu hapa!"

Sijui nilifikaje. Mama alikuwa amelala ubavu, leso imefunika uso, Biblia yake ndani ya karatasi ya nailoni chini ya mkono. Nilijua amekufa. Nilijua kabisa, na nikasikia mtu analia kwa sauti mbaya, kumbe ni mimi.

"Nyamaza, mzee," yule mchumaji akasema. "Anapumua. Ona jasho."

Mke wangu alipiga magoti kwenye udongo na mkebe wa sukari. Alikuwa amefundishwa kliniki. Hakummiminia kitu mdomoni; alichovya kidole kwenye sukari akampaka ndani ya shavu, kwenye fizi, tena na tena. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka. Wachumaji wakavua aproni zao wakazishika juu yetu. Mawe yakaanza kupiga ile plastiki na mimi nikaangalia midomo ya mama tu.

Midomo ikasogea. Halafu akatema.

"Nani ameniwekea sukari? Mimi nimefunga!"

"Mama, ulikuwa unakufa!"

"Ningekufa nimefunga."

"Mchungaji alisema wagonjwa wasifunge!"

"Mimi si mgonjwa. Mimi niko na sukari tu."

Mchumaji mmoja alicheka akajiziba mdomo. Mama akafunga meno, hataki tena. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka na macho yanataka kurudi ndani. Nikampigia mchungaji, nikaweka simu karibu na sikio lake.

"Mama, kula," mchungaji akasema.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mchungaji wako."

"Sema tena, hii kijana yangu asikie."

"Kula, mama. Mungu hakukuomba maisha yako. Kula sasa hivi."

Akafungua mdomo. Alipoweza kumeza vizuri mke wangu akampa chai ya maziwa kutoka chupa ya wachumaji, na mama akasema kongoi, asante, kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Alilala hospitalini Kericho siku mbili. Siku ya kurudi nilimwambia hataomba tena kwenye chai. Akanitazama.

"Kwa hiyo niombe wapi? Dukani kwako?"

Sikulala vizuri juma hilo. Kila nikifumba macho naona ile kijani. Basi nikang'oa chai. Majirani walisimama kwa barabara kuniangalia, maana mtu hung'oa jino, hang'oi chai yenye afya. Nilifungua kiwanja kidogo kinachoonekana kutoka jikoni na kutoka lile dirisha la juu, nikajenga benchi la saruji na kibanda cha bati. Mama alikuja akazunguka, akakaa, akaniambia ataomba hapo kwa sababu mchungaji amesema ni sawa, na uji ataunywa kwanza kwa sababu mchungaji amesema hilo pia. Kutoka jikoni tunamwona kila asubuhi, kitambaa chake cheupe cha kichwani juu ya majani, na mke wangu hapiki kitu kingine mpaka aone kitambaa kimeinuka.

Mfungo huo wa mama ulinigharimu hospitali, gari, vibarua wa kung'oa, bati, na saruji ya duka langu ambayo nilijiuzia kwa bei ya mteja, jumla shilingi elfu thelathini na moja, mia sita na arobaini.