Mtaa Mzima kwa Namba Moja

Mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu unajulikana, kwa hiyo anayetaka kubembelezwa ashike njia nyingine. Habari ninayoitoa hapa ni ya jirani yangu, mwanamke tunayemwita Mama Chaji. Duka lake limepakana na kibaraza changu. Anauza sabuni, chumvi na viberiti, lakini kazi iliyompa jina ni kuchaji simu za wasio na umeme majumbani. Nyaya zimening'inia ukutani, simu zimelala kwenye rafu, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye alama ya mwenyewe. Simu yake yeye haizimiki, na ndiyo maana mtaa mzima ukiulizwa namba popote pale ulitaja ya kwake. Shule, mwajiri, mchumba, wote walipewa namba ya Mama Chaji. Ujumbe ukiingia anafunga duka, anaufikisha kwa miguu yake, na hamwambii mtu mwingine. Mimi nimemchokonoa mara nyingi anidokezee japo kidogo. Wapi! Yule mwanamke ana kifua.

Basi kituo cha afya kikaletewa kompyuta. Madaftari yakafungiwa stoo, tukaambiwa sasa kila kitu kiko kwenye mfumo mmoja na hospitali nyingine na majibu ya vipimo yatatufuata kwenye simu. Tulipiga makofi, tena kwa nguvu. Pale mapokezi karani anakuuliza namba ya simu kabla hata hajakuuliza unaumwa nini. Unamtajia ya Mama Chaji. Mashine inakataa, inasema namba hii ina mwenyewe. Sasa karani, foleni imefika nje na watoto wanalia, afanyeje? Anafungua jalada lile lile la Mama Chaji, anakuingiza humo. Anayefuata naye hivyo hivyo. Kwa mashine ile mtaa wetu ulikuwa na mgonjwa mmoja tu: mwanamke mjamzito, mwenye tezi dume, anayeota meno ya kwanza, na goti limemkataa kwa uzee.

Na tukazoea, jamani! Daktari akichungulia mlangoni na kuita jina halisi la Mama Chaji, kinyozi wetu anainuka na ndevu zake: "Niko hapa, daktari." Tulicheka mbavu zikauma. Dawa tulipewa na tulipona, sasa ugomvi wa nini?

Asubuhi moja nilikuwa napiga pindo sketi za shule. Mama Chaji akatoka dukani ameshika simu kwa mikono miwili.

"Fundi, hebu nisomee na wewe. Labda ni macho yangu."

Nikasoma. Ndugu mteja, majibu ya damu yako yametoka. Fika kituoni leo bila kukosa. Usisubiri.

"Ya nani hii?" nikauliza.

"Haijasema. Huwa hazisemi, eti siri ya mgonjwa. Siku zote mtu akipima hupita dukani akaniambia, Mama Chaji, nikiitwa nijulishe. Safari hii hakuna aliyepita." Uso ulikuwa umemsawajika. "Na hawajawahi kuandika usisubiri."

Nikafunika cherehani, tukaenda. Nesi wa zamu alifungua jalada, akaruka kutoka kitini na kumshika Mama Chaji mkono kama mtu anayezuia yai lisianguke. "Umekuja kwa miguu? Na sukari hii?"

"Sukari gani, dada? Mimi sijatolewa damu."

Nesi hakumsadiki. Akamchoma kidole, akatazama kifaa, akakunja uso. Sukari ilikuwa sawasawa. Akayaandika majibu hayo kwenye kompyuta, kisha akatulia akiisoma ile orodha ya mimba na tezi dume na meno ya mtoto. Nikamwona anaelewa. Jasho lilimtoka pale pale.

"Juzi vifaa vya kupimia hapa vilikuwa vimekwisha," akasema. "Damu tuliipeleka hospitali kubwa. Majibu yamerudi na namba yako. Huyu mtu, awe nani, anaweza kuanguka saa yoyote. Akianguka mahali hana msaada, ndiyo basi."

Karani akaitwa. Akasema juzi watu walikuwa wengi, nusu yao walitaja namba ile ile, yeye angewakumbukaje? Nilitaka kumrukia, Mungu anisamehe. Mama Chaji akanivuta nguo. "Ugomvi baadaye, fundi. Mtu anakufa."

Nesi akatuambia tumlete kila aliyetolewa damu juzi. Rahisi kusema! Nenda wewe ukagonge mlango wa mtu umuulize kama anaumwa. Mwanamke wa nyumba ya kona alitujibu kupitia dirishani kwamba wenye kiherehere wakafagie kwao. Kinyozi akaapa yeye ni mzima kama chuma, hajakanyaga kituoni mwaka mzima. Mama Chaji akamshika mkono wenye mkasi. "Kaka yangu, sikuulizi unaumwa nini. Sitaki kujua. Nenda tu wakupime, halafu unitukane ukirudi." Kinyozi akatazama chini. Kumbe alikwenda, kwa jambo lake ambalo hadi leo mimi silijui na linanikera kutolijua. Akaondoka, mteja akabaki kitini na kichwa nusu.

Hivyo ndivyo alivyowatoa, mmoja mmoja, kwa kuomba. Hata yule wa dirishani alitoka, amejifunika kanga hadi puani. Walipangana kwenye benchi la kituo, wanaoneana haya, kila mmoja anajifanya amemsindikiza mwenzake. Nesi akawachoma vidole. Sawa. Huyu sawa. Na huyu sawa. Kila mmoja alipoambiwa yuko salama alishusha pumzi, na Mama Chaji alizidi kukosa raha, kwa sababu mgonjwa alikuwa bado yuko nje huko. Mchana ukaingia. Hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Nimeshika kifo cha mtu kwenye simu yangu," akaniambia, "na sijui nimpelekee nani."



Nesi akarudi kwetu. "Fikirini vizuri. Nani huko kwenu anakunywa maji hashibi? Anaamka kila mara kwenda haja ndogo. Amekonda ghafla. Labda analalamika macho yanaona ukungu."

Mama Chaji alikuwa amesimama. Akachuchumaa pale pale sakafuni.

"Baba watoto," akasema.

Mumewe ni dereva wa lori. Alikuwa ameondoka alfajiri ile na mzigo. Na hapo yote yakatujia kwa pamoja. Dumu la maji alilozoea kubeba lilikuwa halimtoshi tena, akaomba la pili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempunguzia suruali kiunoni, nikamtania: "Shemeji, mke wako hakupikii?" Juzi aliaga kwamba anapeleka lori gereji. Tumegonga milango ya watu wote, mlango wa Mama Chaji mwenyewe hatukuugusa. Kweli mganga hajigangi.

Akampigia. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Nikasogeza sikio. Mara hii ikapokewa, lakini sauti haikuwa ya mumewe. Alikuwa dereva mwingine. Alisema amekuta lori pembeni ya barabara, injini inanguruma, mwenzake ameuegemea usukani na kuongea maneno yasiyoeleweka. Amemfikisha hospitali ya mji ulio mbele, na muuguzi wa pale huyu hapa.

"Mna bahati," muuguzi akasema, sauti imetulia kabisa. "Katika maneno yake tumeambulia namba ya simu tu, tukamwona kwenye mfumo. Jalada lake lina vituko, linasema ni mwanamke, lakini tumehofia sukari na tumeona imepimwa leo hii asubuhi na iko vizuri. Inaelekea ni pombe. Tumemlaza apumzike."

Mama Chaji ni mtu ambaye sauti yake haivuki kizingiti cha duka. Siku hiyo alipiga ukelele hadi watu wa benchi wakasimama.

"Hiyo sukari ni yangu! Ni kidole changu! Achaneni na hiyo mashine, mtazameni mtu! Hanywi pombe yule! Mpimeni yeye, nakuomba, mpimeni yeye!"

Nesi wetu akanyakua simu, akasema maneno yao ya kazi, haraka haraka. Upande wa pili tukasikia mbio za viatu na mlango kubamizwa. Sisi tukabaki tunatazama simu. Kinyozi alikuwa anaomba Mungu kwa sauti. Mama Chaji hakulia. Alikuwa ameuma ukingo wa kanga yake na macho kayatoa.

Muuguzi aliporudi alikuwa anahema. "Imepanda mpaka kifaa kimeshindwa kuisoma. Tumemtundikia maji na dawa. Ongeeni na Mungu." Tukaongea naye, wa misikitini na wa makanisani, kwenye benchi moja.

Jioni simu ikalia dukani. Tulijazana mlangoni, mimi mbele, siwezi kusema uongo. Alikuwa mumewe, sauti imekauka lakini ni yake. Mama Chaji akaiweka simu juu ya meza ya duka, amefungua spika, sote tumsikie. Akaanza kumfokea. Sijawahi kumsikia akimfokea mtu, na alifoka vizuri tu.

"Mwanamume gani wewe? Unaumwa, unakwenda kupima, unanificha mimi! Nimezunguka mtaa mzima nikimtafuta mgonjwa, nimetukanwa madirishani, kumbe nalala naye! Kwa nini hukuniambia?"

 

"Nilishindwa kukwambia kwa mdomo, mama," mumewe akasema. "Ndiyo maana nikawapa namba yako. Nikajua wakiona kitu watakwambia wewe, nawe utanipigia. Kila nikisimama leo natazama simu. Nikaona hujapiga. Nikasema basi, niko mzima. Nikaendelea kuendesha."