Daktari wa Usingizi

Wariara alikuwa ametoka Mau Narok hadi hospitali ya Nakuru akiwa ameahidiwa usingizi. Sasa alikuwa amelala chali, waya imepitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na daktari wa usingizi alikuwa anamwonjesha tu. Kila alipoomba dawa, mtu huyo aligongagonga bomba la sindano kwa ukucha, akasukuma tone, akatazama skrini, kisha akakunja mikono kama mwenye duka anayetaka kufunga. "Kidogo kidogo, mama," alisema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, na sauti hiyo ilimkera Wariara kuliko ile waya. Tena aliimba kwa pua wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza tu, akimaliza anauanza upya.

"Daktari, si wewe ndio wa usingizi? Nilaze basi."

"Nikikulaza sana, moyo nao unatulia. Tunataka uanze zile mbio zake, ndio tuone zinatokea wapi."

Akaifunga dawa kabisa. Wariara akasonya. Muda si muda moyo ukamtoroka, ukapiga hadi kooni, akakosa pumzi. Daktari wa moyo, aliyekuwa akiiongoza ile waya, akasema, "Nimepaona zinapotokea. Sasa napachoma kwa ncha ya waya, zikome."

Yule wa usingizi hakungoja kuombwa. Alisukuma dawa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika Wariara kiganja. Vidole vyake vilikuwa baridi, na vilitetemeka kuliko vya mgonjwa. Wariara alikuwa bado anatafuta neno la kumgombeza usingizi ulipomchukua.