Pole ya Pilau na Pointi 26 za Rhobi

"Ulinipa pole, Sabina! Ulibeba sahani ya pilau mpaka mlangoni kwangu, ukanipa pole!"

"Nilikuwa sijui, Matrida. Niueni basi!"

Ni asubuhi Kamunyonge, mjini Musoma, na mtaa umeacha mifagio kusikiliza. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yametoka jana. Gati, binti wa Matrida, yumo. Rhobi wa Sabina hayumo.

Sabina Mugeta (46) ni mpishi wa sekondari ya kutwa. Mikono yake imebabuka kwa mvuke wa makande. Yeye aliishia darasa la saba, Butiama, na kuhusu matokeo alijua jambo moja: namba kubwa ndiyo nzuri.

Hakuliokota hewani. Mwanawe wa kwanza, Burito, alimaliza kidato cha nne mwaka 2014, enzi za GPA. A ilikuwa na pointi tano, na wastani ukipanda, mtoto anasifiwa. Divisheni ziliporudi, hesabu ikapinduliwa: A pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Hujumlishwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na mwenye chache ndiye bingwa.

"Nani alikuja kutuambia huku? Nilikuwaga nasikia divisheni, divisheni, nikajua wamebadilisha jina tu," anasema.

Basi matokeo yalipotoka Januari, Rhobi 26, Gati 25, Sabina akabandika pilau ya kumpongeza mwanawe.

"Nilimwambia, 'Mama, sijafanya vizuri.' Akasema niache kujifanya mpole," anakumbuka Rhobi.

Pointi moja tu. Divisheni ya tatu inaishia 25. Kwa 26 ni ya nne, na kidato cha tano basi tena. Rhobi ana C tatu, D tatu na F ya hesabu.

Rhobi alisoma shule hiyo hiyo anayopika mama yake, na mwalimu wa hesabu alihama akiwa kidato cha pili. Hakuja mwingine. Gati yeye alisoma Bunda, kwa shangazi yake.

"Kila siku napeleka chai ofisini, naona kiti kitupu. Mjinga mimi nikawa nafurahi, kikombe kimoja kimepungua kuosha."

Sasa anataka Rhobi arudie hesabu Novemba. "Apate D tu. A wabaki nazo wenyewe."

Ndicho kilichomleta asubuhi hii: kuomba Gati amfundishe mwenzake mpaka shule zifunguliwe. Hajamaliza kuomba, pilau ikafufuliwa.

Matrida anamtazama, ameshika kiuno.

"Umeshawahi kupewa pole mtoto wako amefaulu? Inaumaga, Sabina."

"Najua. Leo nipe wewe."

Jirani mmoja anakohoa.

"Mwite Rhobi aje na daftari. Gati yuko ndani." Matrida anasogea mlangoni, anampisha. "Na wewe usinisimamie nje kama mgambo. Viazi vimeiva, na sato wa jana yupo. Ingia ule."